Kupunguza Gharama ya Stima Nyumbani

Bei ya uniti moja ya stima si sawa kwa kila nyumba. Tangu Aprili 2023, mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, imewaweka wateja wa nyumbani katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Bei za msingi zilizotangazwa wakati huo zilikuwa shilingi 12.22, 16.30 na 20.97 kwa uniti, kabla ya ushuru na tozo nyingine.

Kundi la mteja hutegemea wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Nyumba ikivuka kiwango, uniti zote hulipiwa kwa bei ya juu, si zile za ziada pekee. Kwa bei hizo, uniti 30 ziligharimu shilingi 366.60, lakini nyumba yenye wastani wa uniti 32 ililipa shilingi 521.60. Uniti mbili ziliongeza shilingi 155.

Mahali rahisi pa kuanzia ni taa. Balbu tatu za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila siku, hutumia uniti 27 kwa mwezi. Balbu tatu za LED za wati 9 hutumia takriban uniti 4.

Wakazi wanashauriwa kuandika uniti wanazotumia kila mwezi. Nafuu ya bei haiji siku hiyo hiyo. Huja wastani wa miezi mitatu ukishuka.