Corolla Yetu Ilikataa Kilima: Habari ya Valvu Iliyoungua

Wengi mnaijua ile Corolla nyeupe ya familia zetu tano, inayobeba abiria na magunia ya mahindi kwenda Mbarara. Mliiona imesimama chini ya mti majuma matatu, mkatuuliza kama imekufa. Haikufa, ila ilibaki kidogo tuiuze kama chuma chakavu. Kwa kuwa hapa kwetu magari karibu yote ni ya zamani, tumeona tuwaeleze yaliyotupata.

Gari hii ni ya mwaka 1988, injini yake ni 2E ya kabureta, cc 1,295. Ina silinda nne na valvu 12: kila silinda ina mbili za kuingiza hewa na petroli, na moja ya kutoa moshi. Wenzetu wa Kongo wanaziita supapu. Ni milango tu. Ukibana mchanganyiko ndani ya silinda halafu mlango haufungi vizuri, nguvu inatorokea nje.

Ilianza polepole. Asubuhi ilikataa kuwaka mpaka isukumwe. Ikisimama bila kukanyagwa mafuta ilitetemeka kama mtu mwenye malaria, na kwenye eksosi ukiweka mkono ulisikia puf, puf, halafu pengo, halafu puf tena. Petroli ikawa inakwisha haraka. Kwenye vilima vya kwenda Kabingo abiria walishuka wakatembea. Siku moja tulimbeba mama mwenye uchungu, anapelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara. Wanaume walishuka wakasukuma, yeye akabaki ndani na shemeji yake, analia. Tulifika, mtoto akazaliwa salama, lakini usiku ule hatukulala.

Gereji moja mjini, jina tunaliacha, walibadili plagi, kisha waya za plagi, kisha wakasema ringi zimekwisha, tununue injini nyingine ya mtumba kwa 1,800,000. Na sisi bado tulikuwa na deni la kikundi cha akiba! Ndipo mzee mmoja Mrundi, fundi wa siku nyingi anayeishi hapahapa, akatuambia: "Wanangu, mbona mnanunua dawa kabla ya kupima ugonjwa?"

Alikuja na kipimo cha kompresheni cha kuazima. Injini ikiwa na moto kidogo, alitoa plagi zote nne, akachomoa waya mkubwa wa koili ili cheche isiruke, akamwambia kijana akanyage mafuta mpaka chini na azungushe stata. Silinda ya kwanza ilisoma 165, ya pili 160, ya tatu 70, ya nne 160. Bas, mgonjwa akajulikana.

Lakini 70 haisemi ni ringi au ni valvu. Alimimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ya tatu, akapima tena. Kama ni ringi, oili huziba nafasi na namba hupanda sana. Ilipanda ikawa 75 tu. Kisha tukaazima kompresa ya mziba matairi, pistoni ikawa juu na milango yote imefungwa, tukapuliza hewa kwenye tundu. Ikitokea kwenye kabureta, valvu ya kuingiza imeharibika. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta, shaka iende kwa gasketi ya hedi. Yetu ilipiga mluzi nyuma, kwenye eksosi.

Kumbe kosa lilikuwa letu pia. Miezi kadhaa kabla, injini ilikuwa inapiga tik-tik juu, tukamwomba mtu akaze skurubu za valvu mpaka kelele iishe. Iliisha, tukafurahi. Mzee akatikisa kichwa. Valvu inahitaji nafasi ndogo, maana chuma kikipata moto kinarefuka. Nafasi ikikosekana, valvu haikai kabisa kwenye kiti chake, na kile kiti ndicho kinachoipoza. Ile ya moshi, inayopitiwa na moto kila wakati, inaungua ukingoni. Yetu ilikuwa imelika kipande kama biskuti iliyoumwa.

Hedi ilifunguliwa. Kila valvu ilichomekwa kwenye katoni yenye matundu yenye namba, ili irudi mahali pake. Iliyoungua tulinunua mpya Mbarara, na kiti chake kikachongwa upya kule kwa wenye mashine, wakapima pia kama hedi imepinda. Zilizobaki tulizisaga wenyewe siku mbili: dawa ya kusagia kidogo, kijiti chenye mpira, unazungusha kama mtu anayewasha moto kwa vijiti, mpaka utokee mviringo wa kijivu usiokatika. Kisha tulimimina mafuta ya taa kwenye njia za hedi tukangoja. Mbili zilivuja, tukarudia. Dawa ile lazima ioshwe yote, ikibaki itakula injini. Sili za valvu tulibadili zote, maana ule moshi wa bluu wa asubuhi ulitoka huko, na gasketi ya hedi ikawa mpya. Ya zamani hairudishwi, hata ikionekana nzima. Bolti zilikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu tatu. Nafasi za valvu zikawekwa kwa vibati vya kupimia, si kwa sikio.

Gharama yote ilikuwa 410,000, pamoja na chai ya mzee. Silinda ya tatu sasa inasoma 155. Injini inapiga tik-tik kidogo, na tumeiacha hivyo. Mzee ataangalia nafasi tena tukifikisha kilomita 1,000.

Deni la kikundi limebaki miezi minne. Gari inaondoka Base Camp saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa Jumapili. Mwenye gunia alilete jioni yake.