Mwizi wa maziwa yumo bandani

Maziwa ya asubuhi yakianza kupungua lita mbili, mara tatu, mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni mkamuaji. Ataulizwa kama anakamua hadi tone la mwisho, kama ndoo ilimwagika, kama kuna jirani anayepitia uani kabla hakujapambazuka. Wapo vijana walioachishwa kazi kwa tuhuma hizo bila mwenye mali kukesha hata usiku mmoja bandani. Angekesha, angemwona mwizi mwenyewe: ng'ombe mzima, pengine naye ana mimba au anakamuliwa, ameingiza kichwa kati ya miguu ya nyuma ya mwenzake na ananyonya.

Dalili zipo kwa anayeangalia. Chuchu za ng'ombe aliyenyonywa huwa safi kupita kiasi alfajiri, zimelowa mate, ilhali mapaja yake yana kinyesi. Kiwele kimelegea upande mmoja na kujaa upande wa pili, kwa kuwa mnyonyaji huishia kwenye chuchu anazozifikia kwa urahisi. Ngozi ya chuchu imekuwa nyekundu au ina michubuko. Na usitegemee anayeibiwa apige teke. Wengine husimama wametulia kabisa, miguu wameipanua, kana kwamba wanamnyonyesha mtoto wao.

Kwa nini mnyama anayekula majani na pumba anyonye? Mara nyingi jibu liko miaka miwili au mitatu nyuma, kwenye ndoo aliyonyweshewa maziwa.

Ndama akiwa na mama yake hunyonya mara kadhaa kwa siku, na kila mara hukaa kwenye kiwele karibu dakika kumi, akihama chuchu hadi chuchu na kukigonga kiwele kwa kichwa. Sisi tunaofuga ndani humtenga na mama yake baada ya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya uzazi, kisha tunamnywesha kwa ndoo asubuhi na jioni. Lita mbili anazimaliza kwa dakika moja au mbili. Tumbo limepata maziwa lakini mdomo haujamaliza kazi yake. Watafiti Anne Marie de Passillé na Jeffrey Rushen, waliofanya kazi nchini Kanada, walionyesha kwamba ladha ya maziwa ndiyo inayoamsha hamu ya kunyonya, na hamu hiyo hubaki kwa takriban dakika kumi baada ya maziwa kwisha, halafu hupoa. Katika utafiti waliouchapisha na mwenzao mwaka 1993 walionyesha pia kuwa ndama anayepewa chuchu kavu ya kunyonya baada ya maziwa huongezeka homoni za mmeng'enyo na shibe, insulini ikiwemo. Kunyonya kwenyewe, hata pasipo maziwa, ni haja ya mwili. Kumwita ndama huyo mtundu ni kumwonea.

Sasa ndama huyo ameachwa kwenye kizimba kimoja na wenzake wawili, midomo ingali na harufu ya maziwa. Atanyonya sikio, kitovu, korodani, au chuchu changa za jike aliye karibu. Wengi huacha wakishakua kidogo. Wachache hawaachi, na hao wakiwa mitamba huendelea kunyonyana wao kwa wao. Siku mmoja wao atakapowekwa banda moja na ng'ombe mwenye maziwa, kile kilichokuwa mazoea matupu kinaanza kumpa malipo. Tangu hapo kumwachisha ni kazi nzito.

Nimeona watu wakihesabu hasara kwa lita zilizopotea. Lita ndiyo sehemu ndogo ya hasara. Kiwele kina robo nne, kila moja inajitegemea, na maziwa ya robo moja hayavuki kwenda nyingine. Chuchu ya mtamba ambaye hajazaa imezibwa na kizibo cha asili kinachozuia vijidudu kupenya. Akinyonywa, kizibo hicho hutoka, bakteria huingia, na robo inaweza kuugua na kufa miezi mingi kabla ya mkono wa mkamuaji kuigusa. Mfugaji amekata majani kwa zaidi ya miaka miwili, amelipia mbegu ya dume bora, amesubiri miezi tisa ya mimba. Siku ya kuzaa anakuta chuchu tatu ndizo zinazotoa maziwa, au mbili. Robo iliyokufa hivyo mara nyingi hairudi. Tena mdomo wa mnyonyaji huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kiwele kutoka kwa ng'ombe mgonjwa hadi kwa mzima.

Baya zaidi ni kunyonywa katika wiki za mwisho za mimba. Wakati huo kiwele kinatengeneza dang'a. Ndama wa ng'ombe huzaliwa bila kinga iliyotoka kwenye damu ya mama yake, maana kondo la nyuma haliipitishi. Anaipata kwenye dang'a. Utumbo wake huipokea vizuri zaidi katika saa sita za kwanza, kisha uwezo huo hupungua hadi kukoma ndani ya siku moja. Mnyonyaji aliyekunywa dang'a hiyo amemwibia ndama ambaye hajazaliwa. Kwa hiyo ng'ombe aliyegundulika kunyonywa karibu na kuzaa ahamishwe siku hiyo hiyo, na ndama wake atafutiwe dang'a ya ng'ombe mwingine aliyezaa karibuni na asiye na ugonjwa. Ndama akianza kuhara na kudhoofika, mwiteni bwana mifugo mapema na mwelezeni kilichotokea kwenye kiwele cha mama.

Kuhusu dawa za kumkomesha mnyonyaji, kila kijiji kina yake. Wapo wanaopaka chuchu kinyesi, njia ambayo wafugaji wa kuhamahama wameitumia tangu zamani kuwaachisha ndama. Kwa ndama anayeachishwa ina mantiki yake. Kwa ng'ombe anayekamuliwa mara mbili kwa siku, kinyesi kwenye chuchu ni kuyaalika magonjwa ya kiwele na kuyaharibu maziwa, na mimi siishauri. Pilipili huunguza ngozi, chuchu zikapasuka, na ng'ombe akaanza kumpiga teke mkamuaji. Shubiri ni afadhali, mradi ioshwe vizuri kabla ya kukamua, ingawa mnyonyaji sugu huvumilia uchungu.

Kinachosaidia zaidi ni kifaa cha puani chenye miiba butu, cha plastiki au chuma, kinachobanwa kwenye pua bila kuitoboa. Mnyonyaji akisogeza mdomo kwenye kiwele, miiba inamchoma mwenye kiwele naye anaondoka au anapiga teke. Kivaliwe miezi, si siku chache, na pua ikaguliwe mara kwa mara isifanye vidonda. Hakikisha anaweza kunywa na kula kwenye hori bila shida. Kwa ng'ombe anayejinyonya mwenyewe, tatizo lililo ndugu wa hili, hutumika kola ya vijiti vilivyofungwa wima kuzunguka shingo ili asiweze kugeuza kichwa hadi kwenye kiwele. Kuna pia upasuaji wa kukata sehemu ya ulimi ili usiweze kukunjamana kushika chuchu. Ulimi ndio mkono wa ng'ombe: anakusanyia majani, anajisafishia pua, anamlambia ndama wake. Kumkata kwa sababu ya tabia tuliyomfundisha sisi ni ukatili, na mfugaji yeyote anayeshawishiwa aufanye akatae.

Njia ya uhakika ni kumtenga: banda lake, au kamba fupi usiku, mbali na wanaokamuliwa na wenye mimba. Najua wengi wenye ng'ombe wawili watatu wana banda moja tu, na eneo lenyewe ni la kubanana na migomba. Hata hivyo ukuta wa mabanzi wa kuwagawa ni rahisi kuliko robo moja ya kiwele. Majani ya kutosha horini usiku, jiwe la chumvi na nafasi ya kutembea vinapunguza hamu ya kutafuta cha kufanya kwa mdomo, lakini peke yavyo havimponyi mnyonyaji aliyekwisha kuonja maziwa.

Kazi yenyewe hasa inafanyika kwa ndama. Mnyweshe kwa ndoo yenye chuchu ya mpira, yenye tundu dogo, ili anyonye polepole. Maziwa yakiisha mwachie chuchu hiyo aendelee kuinyonya kavu. Kama huna, mfunge peke yake kwa robo saa baada ya maziwa, umpe majani makavu laini na pumba kidogo za kuramba, mpaka hamu ipoe. Usimwachishe maziwa ghafla. Punguza kidogo kidogo huku ukihakikisha anakula chakula kikavu cha kutosha.

Na kuna njia ya wazee. Ng'ombe wengi wa asili hawaachii maziwa bila ndama kuwepo, kwa hiyo Wamasai na wafugaji wengine humleta ndama anyonye kwanza, kisha hukamua huku wakimwachia sehemu yake. Wafugaji wa chotara wanaweza kuifuata kwa kumruhusu ndama amalizie kiwele baada ya kukamua. Ndama wanaolelewa hivyo mara chache hunyonyana, kwa sababu haja yao imetimizwa mahali pake. Hofu ya kuwa ndama atamaliza maziwa inaeleweka kwa mwenye deni la pembejeo. Lakini maziwa anayoyapata mwishoni mengi ni yale ambayo mkono ungeyaacha ndani, na kiwele kilichonyonywa hadi mwisho hupata nafuu dhidi ya ugonjwa.

Linalobaki ni mnadani. Mnyonyaji sugu, baada ya kujaribiwa yote, huuzwa, na mara nyingi huuzwa kwa mfugaji mwingine kama ng'ombe wa maziwa, bila neno. Huko anakwenda kuharibu banda jipya. Auzwe kwa mchinjaji, au mnunuzi aambiwe ukweli na bei ishuke. Hili ni zito zaidi katika mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo mtamba wa kwanza anayezaliwa hupewa familia nyingine. Familia hiyo haina ng'ombe mwingine wa kutegemea. Anayepokea mtamba apapase robo zote nne na kulinganisha ukubwa wake, atazame kama kuna chuchu iliyosinyaa, akague pua kama ina kovu la kifaa, kisha aulize mbele ya viongozi wa kikundi kama mnyama huyu amewahi kunyonya au kunyonywa. Jibu liandikwe kwenye mkataba, mstari mmoja na umri, rangi na namba ya hereni.