Fahamu: Kwa nini kipanya cha kompyuta huumiza kifundo cha mkono

Maumivu haya hutokana na kurudia mwendo mdogo uleule kwa saa nyingi, kifundo kikiwa kimekunjwa kwenda juu au pembeni.

Kinachobanwa ni nini?

Ndani ya kifundo kuna njia nyembamba zinamopita kano 9 na neva moja. Njia hiyo ikibana, neva hugandamizwa na ganzi huingia kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho kikifa ganzi, huenda tatizo liko kwenye kiwiko. Kipanya nacho kisibebeshwe lawama zote: ujauzito na kisukari pia huchangia.

Nafuu inaanzia mezani

Weka kipanya karibu na kibodi, kiwiko kikae ubavuni, na usogeze mkono mzima badala ya kifundo. Kishike kwa ulegevu. Ongeza kasi ya mshale kwenye mipangilio ili mwendo wa mkono upungue. Vile vimto vya kuegemeza kifundo vinauzwa sana, lakini ukivilalia huku unasogeza kipanya, unagandamiza palepale panapouma. Kipanya cha wima huwafaa baadhi ya watu. Kuhamia mkono wa kushoto hakugharimu kitu, ingawa mwanzoni kunakera.

Daktari lini?

Ukiamshwa usiku na ganzi, au vitu vikianza kukuponyoka. Mara nyingi utapewa kwanza kifaa cha kunyoosha kifundo cha kuvaa usiku. Upasuaji hufikiriwa baadaye.