Kitufe cha "Lipa" Kwenye Duka Lako Kinasema Nini?

Tuseme unauza viatu vya mitumba kutoka Gikomba na umefungua duka mtandaoni. Mteja yuko Nakuru. Amechagua raba mbili, ameziweka kwenye kikapu, amefika mwisho. Hapo anakuta kitufe kimeandikwa "Endelea". Endelea wapi? Analipa sasa hivi ama kuna fomu nyingine? Na pesa ya kuletewa mzigo ni ngapi?

Wengi huishia hapo. Taasisi ya Baymard, ambayo imekusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili, inakadiria kwamba karibu vikapu 7 kati ya 10 mtandaoni huachwa bila kulipiwa. Ni kweli baadhi ya hao walikuwa wanachungulia tu, vile mtu hupita sokoni akishikashika nguo. Wanaouma ni wale waliokuwa tayari kutoa pesa.

Huko Marekani, Amazon ilipata hataza mwaka 1999 ya kumwezesha mteja kununua kwa kubonyeza mara moja tu, kadi yake ikiwa tayari imehifadhiwa. Hataza hiyo ilifika mwisho mwaka 2017. Wauzaji wetu wengi wanaiga mtindo huo, lakini M-Pesa haifanyi kazi hivyo. Kitufe kwenye tovuti yako hakilipi chochote. Kinatuma ombi tu. Malipo yanafanyika kwenye simu, mteja akishaweka PIN. Kwa hivyo maneno ya kitufe yanafaa kumwandaa mtu kwa kile kitakachotokea kwenye simu yake.

"Lipa KSh 2,350 kwa M-Pesa" ni kitufe kizuri. Kina jumla yote, pamoja na ile 350 ya kuletewa, na mteja akiona kiasi kilekile kwenye ujumbe wa kuweka PIN, moyo unatulia. Chini yake ongeza mstari mdogo: "Utapata ujumbe kwenye simu. Weka PIN yako hapo." Rangi ya kitufe? Chagua unayopenda, bora kionekane hata juani na kidole gumba kikifikie bila kugusa kingine.

Sasa tufike penye shida kubwa: zile sekunde baada ya kubonyeza. Mtandao unasuasua, ukurasa umetulia tuli, na mteja anafanya kile sote tungefanya. Anabonyeza tena. Kama ombi la kwanza bado linashughulikiwa, la pili linaweza kukataliwa, na anaona maneno ya kutisha kwamba malipo yamefeli. Mbaya zaidi ni pale la kwanza limeshapita lakini duka halijapata habari. Matokeo ya malipo hutumwa kwa mfumo wa duka kando na ukurasa anaoutazama mteja, na yakichelewa, ukurasa unabaki kuzunguka tu. Mteja akijaribu tena na kuweka PIN, amelipa mara mbili. Raba ni zilezile mbili.

Dawa yake si ngumu. Kitufe kikishabonyezwa, kizimwe na kibadilike kuwa "Angalia simu yako". Matokeo yakikawia, programu ya kikapu iulize kwanza kama ombi lile lilipita (Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha malipo, unaruhusu swali hilo) kabla ya kumwambia mteja ajaribu tena. Mwulize aliyekutengenezea tovuti kama aliweka hiyo. Akianza kuzungukazunguka na maneno, jibu unalo.

Sehemu ya namba ya simu pia hufukuza watu. Daraja linataka namba ianze na 254, lakini hiyo ni kazi ya programu, si ya mteja. Akiandika 0722 au 0110, ikubali, kisha uibadilishe nyuma ya pazia. Na usijaze namba ya akaunti bila kumwachia nafasi ya kuibadilisha, maana kuna anayenunua kwa simu yake lakini pesa iko kwa laini ya mama.

Nawe unayenunua, kuna mambo machache ya kushika. PIN huwekwa kwenye ujumbe unaotokea kwenye simu, kamwe si kwenye tovuti. Tovuti ikikuomba PIN, funga, hata kama kitufe chake ni kizuri namna gani. Kabla ya kuiweka, soma jina la biashara na kiasi. Ukurasa ukiganda baada ya hapo, usibonyeze tena kabla hujaangalia SMS. Ukipata ile yenye kodi ya muamala, pesa imeshatoka. Mtumie muuzaji kodi hiyo na umwombe athibitishe oda.

Kama wewe ndiye muuzaji, kuna jaribio dogo. Mpe jirani simu yenye bando kidogo, mwambie anunue kitu cha shilingi 10 dukani kwako, halafu unyamaze. Usimwelekeze. Angalia tu kidole chake kinasita wapi.