Ngoma Iliyovuma Marekani Hata Ikapasuka

Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Wahenga wetu hawakuijua Sunset Strip ya mjini Los Angeles, lakini maneno yao yamewakaa watu wa huko kama kanzu iliyopimwa na fundi.

Huko ndiko ulikostawi, katika miaka ya 1980, mtindo wa roki ulioitwa glamu metali. Wanaume walitimua nywele zikasimama kama kichaka, wakatia wanja machoni na rangi midomoni, na magitaa ya umeme wakayapiga kwa kishindo. Waliimba anasa, ulevi na wanawake. Sisi tuliolelewa chuoni hatuna haja ya kuyasifu hayo. Lakini yaliyowafika yana funzo kwa kila mwenye kazi ya sanaa.

Mlango waliufunguliwa na televisheni ya MTV, iliyoanza Agosti 1981 kuonyesha nyimbo kwa picha. Mwenye mapambo akapata soko. Mwaka 1983 santuri ya Quiet Riot, Metal Health, ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Mötley Crüe ikafika hapo mwaka 1989 kwa Dr. Feelgood. Makampuni yalipoona faida, yakasajili kila bendi yenye nywele ndefu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: bendi zikafanana sura, sauti, hata maneno, na masikio ya watu yakachoka.

Septemba 1991, Nirvana, vijana wa jimbo la Washington, walitoa Nevermind. Hawa hawakujipamba, walivaa mashati yaliyochakaa na kuimba majonzi. Januari 1992 santuri yao ikamwondoa Michael Jackson kileleni. MTV ile ile iliyowapandisha wenye mapambo ikawapa kisogo. Katuni yake ya Beavis and Butt-Head, iliyoanza 1993, ilimvisha mtoto wa kuchekwa fulana yenye jina la bendi ya Winger. Mwaka uliofuata Winger ikavunjika.

Basi soko likigeuka, fundi afanyeje? Wengi walijaribu kuazima nguo ya jirani. Mötley Crüe iliachana na mwimbaji wake Vince Neil mwaka 1992, ikamchukua John Corabi, ikatoa santuri nzito mwaka 1994. Mauzo yakadorora, na mwaka 1997 Neil akarudi. Def Leppard ya Uingereza nayo iligeuza sauti katika Slang, mwaka 1996, isipate wanunuzi kama wa zamani. Wapenzi wa kale hawakuitambua sauti, na wapya hawakuiamini. Mwacha asili ni mtumwa.

Wa kusikitisha zaidi ni Jani Lane wa bendi ya Warrant. Kampuni ilitaka wimbo mmoja wa kuvuma, naye akautunga "Cherry Pie", uliotoka mwaka 1990. Ukavuma kweli, hata tungo zake nyingine zikafunikwa, na jina lake halikubanduka tena na wimbo ule. Mwaka 2011 pombe ilimuua, akiwa na umri wa miaka 47.

Wengine walisubiri. Mwaka 2022, Def Leppard, Mötley Crüe na Poison walizunguka viwanja vikubwa vya Amerika Kaskazini, katika ziara iliyoahirishwa tangu 2020 kwa sababu ya korona. Hawakuwa na mtindo mpya wa kuuza. Waliimba zaidi zile zile za ujana wao, na maelfu wakaja kuzisikiliza.

Mimi mtunga mashairi nalipima jambo hili kwa mizani ya kazi yangu. Utungo pia una majira yake. Leo watu wautaka, kesho hawautaki, na mwenye kuwakimbilia kila wageukapo hatafika. Wanja umefutika, na nywele zimetoka mvi. Kilichowarudisha watu viwanjani ni nyimbo walizozihifadhi vifuani. Hizo tu ndizo zilizokuwa mali. Mengine yote yalikuwa nguo za sikukuu, na sikukuu, ndugu msomaji, haiwi kila siku.