Kuchagua Chuo cha Elimu ya Chakula na Lishe

Kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Sita, hasa wale wasomao Kemia, Baiolojia na Lishe, hunijia na swali moja: "Mwalimu, chuo kipi ni bora kwa shahada ya chakula na lishe?" Nami huwauliza, "Wataka kufanya kazi gani?" Aghalabu hunyamaza.

Wengi hudhani kuwa elimu ya chakula ni moja tu. Sivyo. Tutazame Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichofanywa chuo kikuu mwaka 1984. Hapo kuna shahada ya Lishe ya Binadamu, na kuna shahada nyingine ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula. Chuo ni kimoja, njia ni mbili.

Anayesoma lishe hujifunza jinsi mwili unavyotumia chakula: kwa nini mtoto hudumaa ingawa hula akashiba, na kwa nini mama mjamzito hupungukiwa damu. Anayesoma sayansi ya chakula hujifunza chakula chenyewe: kukihifadhi, kukisindika na kukipima. Mwaka 2016 watu kadhaa wa mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu uotao juu ya nafaka. Kuipima sumu hiyo maabarani, na kuonyesha jinsi ya kukausha na kutunza nafaka isiipate, ni kazi ya mtu wa sayansi ya chakula. Kuwafundisha wazazi kuchanganya vyakula, ili mtoto asilelewe kwa uji wa mahindi peke yake, ni kazi ya mtu wa lishe. Nchi yawahitaji wote wawili.

Namkumbuka kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Alitaka kuwahudumia wagonjwa wa kisukari, maana bibi yake alikuwa na maradhi hayo. Aliona neno "chakula" katika jina la shahada, akaomba nafasi bila kuuliza. Mwaka wa kwanza ulipokwisha ndipo alipotambua kwamba anaandaliwa kwa kazi ya kiwandani. Baba yake alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya masomo hayo. Chuo hakikukosa, kilifundisha kilichoahidi. Mimi ndimi niliyekosa, kwa kuwa sikumwuliza swali ninalowauliza ninyi leo.

Basi, ukiisha kuijua kazi uitakayo, chunguza mambo manne.

Kwanza, hakikisha kwamba chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwongozo wake wa udahili huonyesha pia masomo na alama zinazotakiwa.

Pili, usisome jina la shahada tu; soma orodha ya masomo ya kila mwaka. Ukiona mengi ni ya mashine na usindikaji, jua waelekea kiwandani. Ukiona mengi ni ya maradhi na mwili wa binadamu, waelekea hospitali au kliniki.

Tatu, uliza juu ya mafunzo ya vitendo. Je, wanafunzi hupelekwa hospitali, kiwandani au vijijini? Kwa majuma mangapi? Maabara ina vifaa vya kutosha? Mtu hawi mganga wa lishe kwa kusoma daftari.

Nne, piga hesabu ya ada, malazi na nauli pamoja na wazazi wako, na uombe mkopo mapema kama unastahili.

Nanyi wazazi, msimhimize mtoto kufuata chuo kwa sababu tu ya sifa ya mji au kwa sababu mtoto wa jirani yuko huko. Mketi naye, mmwulize atakacho, kabla ya kuuza chochote.

Kuuliza si ujinga. Ajuaye aendako hatapata taabu kuchagua njia.