Sabasaba: Sikukuu ya Wakulima Iliyokuwa Soko

Kila mwezi wa Julai unapokaribia, husikika wanachama wakisema kwamba kitanda, cherehani au mabati yatanunuliwa "Sabasaba". Neno hilo limekwisha kuwa jina la soko. Vijana wengi hawajui kwamba kwa miaka mingi siku hiyo ilikuwa ya mkulima.

Tarehe 7 Julai 1954, mjini Dar es Salaam, Tanganyika African Association iligeuzwa kuwa chama cha siasa, TANU, chini ya uongozi wa Julius Nyerere. Nguvu kubwa ya chama hicho ilitoka mashambani. Huku kwetu Morogoro ushahidi haupo mbali: mwaka 1955 wakulima wa Uluguru walikataa kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwa amri ya serikali ya kikoloni, zikatokea ghasia, na mpango ule ukaachwa. Kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu kwamba baada ya Uhuru siku ya kuzaliwa kwa TANU ilifanywa pia kuwa Sikukuu ya Wakulima. Tarehe yenyewe nayo ilifaa, kwa kuwa masika yamekwisha, mazao yanaingia ghalani, na mkulima ana kitu cha kuonyesha.

Palipo na maonyesho hapakosi biashara. Aliyekwenda kutazama pamba na mahindi bora alikuta pia vitenge, masufuria na majembe, na fedha za mavuno zilikuwa mfukoni. Viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, vikawa mahali pa maonyesho ya biashara ya kimataifa; yale ya mwaka 2024 yalikuwa ya 48. Katika miaka ya 1990 sherehe za wakulima zilihamishiwa 8 Agosti, yaani Nanenane, na Sabasaba ikaachiwa wafanyabiashara. Nanenane ya Kanda ya Mashariki, yenye mikoa ya Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam, hufanyika mjini Morogoro, safari fupi kutoka Dakawa. Nayo imefuata njia ile ile: wanaokwenda kununua viti na nguo huenda wakawazidi wanaouliza habari za mbegu. (Wanaushirika wana siku yao pia, Jumamosi ya kwanza ya Julai, ambayo mwaka 2018 iliangukia Sabasaba yenyewe. Siku hiyo haina soko, na labda ndiyo sababu huadhimishwa na wachache.)

Basi mkulima wa mpunga hukutana na siku mbili kubwa za manunuzi katika muda wa mwezi mmoja, wakati ule ule anaposubiri malipo ya mavuno. Hapo ndipo makatibu hupata taabu. Wanachama hushinikiza mpunga uuzwe upesi ili fedha zipatikane kabla ya sikukuu, nao mnunuzi mwenye lori anaifahamu haraka hiyo vizuri kuliko mtu yeyote, na bei anayotaja huwa ni ya haraka hiyo.

Hatari nyingine ni ya chama chenyewe. Kamati hutembelea maonyesho, huona pawatila inang'aa, huambiwa kwamba punguzo litakwisha jioni, na hutia sahihi. Mkopo wa chama hauna budi kuwa ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Punguzo la maonyesho halibadilishi sharti hilo. Ikiwa mashine inatakiwa kweli, jambo hilo lijadiliwe na mkutano mwezi Mei au Juni, na wajumbe waende uwanjani wakiwa na muhtasari uliotiwa sahihi na kiasi kilichokubaliwa. Wadai risiti halali yenye jina la chama, si la mjumbe. Waulize pia kama vipuri vinapatikana Morogoro mjini, kwani banda la muuzaji huvunjwa sherehe zikiisha.